Kengele za Chumba cha Watoto

Mama Bijou aliinua nyundo kutoboa ganda la risasi, ndipo vidole vyake vikasikia uzito. Ganda tupu halina uzito ule.

Tangu bunduki zinyamaze Bunia, watoto walikuwa wakimuokotea maganda matupu. Anayatoboa kwa musumari, anayafunga na vipepeo vya vitambaa vya vikwembe juu ya kitanda chao. Upepo ukiingia, chumba kizima kinaimba polepole, kama kinaota.

Alishusha nyundo. Hili lilikuwa na kichwa cha shaba, laini, kimefunga mdomo wote.

"Bijou, hii ulitoa wapi?"

"Kwa mufereji, mama. Mvua ilifukua." Mutoto alikuwa anatazama vipepeo vikizunguka. "Iko muzuri kushinda zingine, eeh?"

"Iko muzuri, mama yangu." Aliilaza risasi ile nzima juu ya godoro taratibu, kama mutoto aliyelala. "Ziko zingine?"

"Ziko mingi! Yaya, mukubwa wangu, anasema weye unachelewa sana. Yeye iko nyuma ya jiko, anatoboa zake."

Mama alikuwa bado hajafika mlangoni aliposikia jiwe likigonga musumari.