Blanketi Juu ya Barafu

“Wageni waheshimiwa, uongozi unasikitika kuwatangazia kwamba supu ya shayiri imekwisha.”

Tangazo likiendelea kwenye vipaza sauti vya kituo cha watalii, Roswitha alikuwa amepiga magoti kwenye barafu ya mlima, akibandua ukingo wa blanketi jeupe. Kila kiangazi barafu hiyo hufunikwa isiyeyuke, wageni wasije wakakosa cha kutazama.

“We mama, acha hiyo!” alifoka mtandikaji wa mablanketi hayo.

“Mwanangu alitumbukia humu akipanda mlima. Mlituambia barafu ikiyeyuka itamrudisha. Mbona mnaifunika?”

Mtandikaji alivua kofia. “Mama yangu, mimi natandika tu. Wenye kuamua wako ofisini.”

Chini ya blanketi maji yalichuruzika kidogo, yakapita kati ya vidole vyake vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa baridi. Hakuvitoa.

“Twende, mke wangu,” mumewe alinong’ona. “Meli yetu ya mtoni inaondoka mjini Basel jioni hii.”

“Nenda wewe ukapunge upepo mtoni. Safari uliitaka wewe. Mimi nilitaka siku hii moja tu.”

Mtandikaji alipiga simu ofisini. Uongozi ulishauriana, ukaamua kwamba mablanketi yatabaki, na kwamba mama huyo apewe tiketi ya bure ya kupanda tena mlimani kesho.