Chai ya Mwalimu Malipula

Mwalimu Malipula alikuwa amechoka hata chaki ilimlemea. Kila mwaka alisimulia jinsi Wamarekani walivyoimwaga chai baharini kwa kukataa kodi wasiyoulizwa, na kila mwaka darasa lilimsinzilia. Leo Sikudhani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na sisi uji wetu wenye wadudu tuumwage wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Malipula hakucheka. Juma lililopita mwanafunzi mmoja alifukuzwa kwa kuulalamikia uji huohuo, na sasa mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Kaa chini, mwanangu."

"Nakaa, Mwalimu. Ila hao Wamarekani walikosea au walipatia?"

"Mjibu mtoto, Mwalimu," mkuu akasema, akitabasamu kwa meno tu.

Mezani chai ya Malipula ilifuka mvuke, chai ya maziwa ya walimu, isiyo na mdudu hata wa dawa. Akaitazama kwa huruma, maana koo lilimkauka tangu asubuhi. Kisha akakiinua kikombe, akakipeleka dirishani polepole kama anayesindikiza mgonjwa. Darasa zima likasimama kuona kinavyoinama.