Mkia wa Kibutu

Daktari wa mifugo alimgeuza mtoto wa nne wa mbwa kiganjani, akampapasa mkia. Ulikuwa kibutu, mfupi kuliko kidole gumba, kama mikia ya wenzake watatu.

"Hawa hawakukatwa, wamezaliwa hivi," alisema. "Basi swali lako limejibiwa, mzee. Baba yao hana mkia. Kwa watu tunasema kitanda hakizai haramu, ila mbwa hana kitanda."

Mume, mwenye jike aliyezaa, alicheka. Mke, aliyeshika karai la maji ya uvuguvugu, hakucheka. Mtaa mzima ulikuwa na dume mmoja tu asiye na mkia, wa seremala, na mbwa yule hakanyagi mahali bila bwana wake.

"Miezi miwili nyuma jike alikuwa kwenye joto, nami nilikuwa safarini," mume alisema taratibu, kama anayejihesabia. "Niliagiza geti lisifunguliwe. Ufunguo niliuacha kwa nani, mke wangu?"

"Labda aliruka ukuta."

Wote watatu wakautazama ukuta. Ulikuwa umewazidi kimo, na juu yake vipande vya chupa vinang'aa.

Mume akainuka, akalifunga geti, akautia ufunguo mfukoni mwake.

"Nitampigia seremala," alisema kwa upole. "Desturi ni desturi. Mwenye dume huja kuchukua mtoto wake."

Karai lilianguka. Mkono wa mke ulikuwa umeshafika tumboni.