Tairi la Nne

Getinet alizungushia uzi tairi la nne, akaukata, akaulaza sakafuni kando ya nyuzi tatu za kwanza. Ulizidi kwa vidole vinne. Akapima tena, maana jambo la kumtia mtu hatiani halipimwi mara moja.

Kwenye meza yake ya kazi zilikuwapo gia za ambulansi, zimelika meno. Sasa alielewa. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halitaki tairi moja kubwa na matatu madogo. Ni sawa na kufunga ng'ombe mrefu na mfupi kwenye nira moja. Kwa wiki mbili giaboksi ilikuwa ikivutana yenyewe, ikichemka, ikijisaga, na siku ile mlimani ikakwama kabisa. Ndani alikuwamo Zenebech, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Walizikwa Jumanne, yeye na mtoto wake.

Dereva, Shimelis, aliketi kizingitini pa gereji akitazama mvua. Watu walikuwa wakimwita mlevi. Kesho yake idir, chama cha kuzikana kilichonunua ambulansi ile, kingekaa kumfukuza, na anayefukuzwa na idir hana wa kumzika.

"Shime, tairi hili kalifunga nani?"

"Mimi."

"La zamani liko wapi?"

"Lilipasuka."

"Na hili ulilitoa wapi? Uliiba?"

Shimelis hakugeuka. "Kaka, mgongo wangu mpana. Niache nibebe."

Getinet alipandwa na hasira. Alikuwa amesoma darasa moja na Zenebech, na huyu hapa hata kujitetea hataki. Akaapa moyoni kwamba hatamfichia mtu. Baba wa marehemu alikuwa amemwomba jambo moja tu: kabla ya kikao, ampe jina la mwenye kosa.

Baba mwenyewe akafika kabla mvua haijakatika. Gashe Admasu, kama wote walivyomwita kwa heshima ya umri, alishuka taratibu kwenye pikapu yake, ndevu hajanyoa tangu msiba. Nyuma, chini ya pikapu, mnyororo wa kushikia gurudumu la akiba ulikuwa ukining'inia mtupu. Getinet alimpokea kwa mikono miwili, akamkaribisha kahawa. Mzee akakataa.

Shimelis alisimama, akainamisha kichwa kumwamkia. Mzee hakumwitikia. Aliizunguka ambulansi hatua kwa hatua, akaja akasimama penye tairi la nne, akaliwekea kiganja kama anayempima mtoto homa.

"Gashe," Getinet akaanza, "nimeona kilichovunja giaboksi."

"Ngoja kwanza, mwanangu." Mzee hakuondoa mkono. "Angalau hili halikumwangusha. Nililitoa kwenye pikapu yangu, jipya, halijawahi kukanyaga barabara. Nikamwambia huyu, funga hili, binti yangu anakaribia kujifungua, asije akalala njiani kwa pancha. Akanisihi tungoje linalolingana na yale matatu. Nikamwambia tairi ni tairi."

Nyuma yake, Shimelis alimtazama Getinet, akatikisa kichwa polepole.

Mzee akajifuta macho kwa ncha ya shuka lake. "Haya, fundi. Nitajie aliyemuua mwanangu."