Gunia la Ng'onda

Mkaguzi aliposhusha mashine ya kupimia mionzi kwenye gunia la ng'onda, ikalia kama jogoo aliyekabwa.

"Nilisema mimi!" Tekla alishangilia. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika mdomo wa gunia. Katika soko la Chimala jirani humshikia jirani gunia, hata kama analiombea lizikwe.

Na Tekla alikuwa ameomba kweli. Tangu Zuena wa meza ya jirani alete ng'onda, samaki wakavu wa Kilwa, wateja walikuwa wamemkimbia yeye na dagaa wake wa bwawani. Asubuhi ile alipiga magoti nyuma ya meza: "Bwana, kilichofichika sokoni humu, kifichue."

"Samaki wa baharini tunawafuatilia toka pwani mpaka sokoni," alisema mkaguzi, Abdulkarim. "Wakiwa na mionzi, tunawafukia."

"Kaka, huo ndio mtaji wangu wote," Zuena alimsihi.

"Mimi nilijua mapema," Tekla aliwatangazia watu. "Daktari wa goita hii ya shingoni, kule Dar, alinikataza samaki wa baharini wiki mbili nzima. Kwa nini, kama si sumu?"

Daktari mwenyewe hakumpenda. Juzi alimpa kidonge kimoja tu, tena kwa koleo, kutoka kwenye kopo zito la chuma, kisha akaenda kusimama mlangoni. Akamwambia akifika nyumbani alale peke yake, na wajukuu asiwabebe. Dharau tupu! La kulala peke yake alilitii, kwa kuwa mumewe Jailos anakoroma.

Abdulkarim alikuna kichwa. "Hebu lipeleke gunia kule kwenye mzani."

Zuena akaliburuta. Kule mzanini mashine ikanyamaza kimya. Abdulkarim akarudi mezani kwa Tekla, ikalia tena, safari hii juu ya dagaa.

"Shoga, dagaa wa bwawani nao walipitia Kilwa?" Zuena aliuliza.

Soko zima likaangua kicheko.

"Hayo ni majaribu ya Shetani!" Tekla alirudi nyuma, akafumba macho. "Bwana, fichua! Fichua sasa hivi!"

Mashine ikamfuata. Ikapanda polepole, ikapita tumboni, ikapita kifuani, ikafika kwenye skafu aliyojifunga shingoni. Hapo ikalia mfululizo, bila kupumua.

Tekla alipofumbua macho, Abdulkarim alikuwa ameshafika mlangoni pa soko, amesimama vilevile kama yule daktari.