Ripoti ya Siwema

Siku ya kufunga shule, Mwalimu Kilasi aliwagawia wazazi ripoti za darasa lake. Mama mmoja akasogea mezani, amekumbatia vitabu.

“Mimi ni mama yake Siwema.”

Mwalimu akampa ripoti huku akitabasamu. Mama akaisoma taratibu kwa kidole: amehudhuria siku zote, ana nidhamu, aongee zaidi darasani.

“Mwalimu, mimi nimeleta vitabu vyenu. Siwema tulimzika wiki ya pili ya muhula.”

Kalamu nyekundu ikamponyoka mwalimu. Kila Ijumaa alikuwa akiketi ofisini na kuwawekea wanafunzi wote vema za wiki nzima kwenye rejista ya mahudhurio, bila kuita majina.

Mama aliikunja ripoti, akaitia kifuani.

“Basi twende ukanionyeshe anapokaa darasani.”