Mtihani wa Bi Mdogo

"Upande wa joto?"

"Thelathini na mbili."

"Wa baridi?"

"Ishirini na sita. Na kipimajoto kikae chini anapolala, si juu kwenye kioo."

Fundi saa alifumba macho, ameridhika. Daktari alimpa wiki tatu, na mbili zilishakwisha. Kufa hakukumtisha. Kilichomnyima usingizi ni chatu wake, aliyejikunja kwenye sanduku la kioo kando ya kitanda. Nani angemtunza? Marafiki wote walimkataa. Alibaki mkewe tu, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi hata kumgusa chatu huyo.

Majirani walimwita chatu yule Bi Mdogo. Nyaya za nyumba hazikuweza kubeba hita mbili, basi hita ilikaa chumbani kwa Bi Mdogo, na mke akalala sebuleni na kikohozi chake. Utani huo wa jina ulipopigwa, mke naye alicheka pamoja na wenzake.

Sasa mke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, daftari mapajani.

"Hajipashi joto mwenyewe," fundi alimweleza. "Chumba kikipoa, naye anapoa. Chakula hakisagiki tumboni, mapafu yanaugua."

"Na umeme ukikatika? Anastahimili siku ngapi?"

Machozi yalimlengalenga fundi. Miaka yote hiyo, mkewe hakuwahi kumuulizia Bi Mdogo hata siku moja.

"Kwa kipupwe hiki, tano. Ya sita hataiona. Na hapo dirisha liwe limefungwa."

Mke aliandika neno "dirisha", akalipigia mstari.

"Utamtunza, mke wangu?"

"Nimeshika yote, Fundi. Wewe pumzika."

Fundi alifariki Jumatano, uso wake umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi. Waliokuja kuzika walipotawanyika, wifi alimkuta mjane amesimama mbele ya sanduku la kioo.

"Wifi, mtafutie nyoka huyu mtu wa kumchukua. Umeshavumilia vya kutosha."

"Hapana. Kaka yako alinifundisha mwenyewe, tena kwa shida. Niachie."

Wifi alimkumbatia, akaenda zake akilia, akiwaambia watu njiani kwamba mke wa namna ile hapatikani tena.

Mjane alifunga mlango. Akachomoa hita, akafungua dirisha pande zote mbili, kisha akaketi na kufunua ukurasa mpya wa daftari.

Aliandika: Siku ya kwanza.